Glovu ya Mashoto Huvaliwa Kulia

Furaha, siku ile ninawakabidhi wewe na fundi mwenzako Hamadi funguo za karakana ulichukua glovu moja rafuni, ukaigeuza huku na huku, ukaniuliza kwa Kiswahili chenu cha Uvira: "Papa Bakari, hii iko ya mukono gani?" Hamadi akakucheka, akasema ina vidole vitano, tumia akili. Hamadi mwanangu, ungejua swali lile limenisumbua miaka mingapi, usingecheka. Nilitaka kujibu pale pale, badala yake nikajifanya natafuta miwani ambayo ilikuwa usoni. Sasa nimestaafu, sina haraka. Nawaandikia jibu, pamoja na mengine ya kazi, maana kila nikipita hapo mnanipa kiti na chai, hamniulizi lolote la maana.

Mshahara sitautaja, mtanionea huruma bure. Vyeo navyo havikuwepo. Kwenye karakana ya watu watatu, cheo ni nani anakaa karibu na dirisha.

Nilitoka Tanga nikiwa fundi viatu kamili, na msharasi wangu wa kutobolea ngozi mfukoni, nikapata kazi hapa hapa Mayfair, kwenye mji huu wa migodi ya dhahabu, nyuma ya duka la vitambaa la yule Msomali. Mwenye karakana wakati ule alikuwa Bhai Yusuf, Mungu amrehemu. Siku ya kwanza alinionyesha benchi, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anakuja sasa hivi. Nikasimama mlangoni kumngoja nisionekane mvivu. Alirudi alasiri. Ndipo nilipojifunza kwamba Kiingereza cha mji huu kina "sasa hivi" za aina tatu, na hakuna hata moja yenye maana ya sasa hivi.

Kazi ilikuwa viatu vya shule, mabegi, mikanda, na mabuti ya walinzi yanayolika kisigino upande mmoja. Mlinzi hutegemea mguu mmoja, nadhani ni kwa uchovu. Nilishona hivyo miezi kadhaa, ndipo ikaja glovu ya kwanza.

Aliileta Oom Desmond. Oom ndivyo wazee wa kule kusini ya mji wanavyoitwa, kama sisi tunavyosema mzee au mjomba. Alikuwa mfupi, mpana, na vidole vya mkono wake wa kulia vimepinda kila kimoja na njia yake, kwa sababu ujanani alicheza besiboli, na kazi yake ilikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji apokee kila mpira unaorushwa. Mimi hayo sikuyajua. Nilichoona ni dude la ngozi lililolegea, kamba zimeachia. Nikaamua ni la kushikia masufuria ya moto kwenye hoteli kubwa. Nikalifanyia kazi kwa moyo wote. Kamba nikazikaza mpaka zikalia, na kiganjani nikashindilia sponji nene nikashonea ngozi juu yake, mpishi wa watu asije akaungua.

Oom Desmond alipokuja kuichukua aliivaa, akajaribu kuifumba, ikakataa.

"Eish, rafiki yangu," akasema. "Umeiziba mdomo."

Hakugomba. Alinichukua Jumamosi ile ile kwenye pikapu yake mpaka kiwanja cha klabu yao, chini ya mlima wa mchanga wa manjano uliotoka migodini, akaniketisha kwenye benchi la mbao, akasema nitazame glovu tu, nisishughulike na mengine. Mrushaji akarusha, mdakaji akapokea. Mimi nimekaa na ngozi tangu utoto. Nimeisikia ikigongwa nyundo, ikikatwa, ikichanika. Mlio ule wa mpira kutua kwenye kiganja cha ngozi iliyozoeleka sijawahi kuusikia popote. Nikajikuta nasema "tena", na kweli wakarusha tena, nikaona kama wananitii mimi.

Tangu siku ile nikaharibikiwa. Kila Jumamosi ya kiangazi nikiswali adhuhuri nabeba kiti cha kukunja na chupa ya chai ya tangawizi, naenda kusini. Jamaa wa msikitini walidhani naenda kwenye kriketi, wakaniuliza nani kashinda. Nikiwaambia ni besiboli wananitazama kama mgonjwa. Mke wangu Mwanasha yeye alikuwa na lake. Shoga zake wakimuuliza niko wapi, anawajibu: "Kwa mke mwenzangu. Mviringo, mweupe, ana mishono myekundu."

Mniulize nilipenda nini. Kwanza, mchezo ule hauna saa. Unakwisha ukiisha, na mtu wa pwani hilo huhitaji kumweleza mara mbili. Pili, mpigaji hodari kuliko wote hukosa mara nyingi kuliko anavyopata, na hakuna anayemfukuza. Tatu, hapa tuko juu, hewa nyepesi, mpira ukigongwa sawasawa unaondoka kama una safari zake. Halafu saa tisa au saa kumi mawingu yanajikusanya, radi inapiga upande wa mjini, na watu wazima wote wanakimbilia kwenye magari wakiwa na vifaa vichwani. Mvua ikikatika tunarudi, tunasukuma maji kwa fagio, tunaendelea. Nimefurahi mengi maishani, lakini furaha ya kukaa kwenye kiti chenye unyevu nikingoja udongo ukauke sijaipatia mfano.

Oom Desmond ndiye aliyenifundisha glovu. Alikuja karakana kila Jumatano, akakaa kwenye kreti la soda, akaniamuru nifungue glovu kuukuu moja baada ya nyingine nione mwenzangu alipita wapi na kamba. Hamadi, haya ni yako: gundi haina kazi kwenye glovu. Nimekuona. Glovu inashikwa na kamba yake, na kamba ni lazima iweze kutembea kidogo, la sivyo ngozi itachanika tunduni. Ipake nta, ivute kwa koleo taratibu, upande laini ukae nje. Anzia kwenye kidole kidogo, malizia kwenye wavu ule ulio kati ya kidole gumba na cha shahada. Mafuta kidogo sana. Majira ya baridi hewa ya hapa hukausha ngozi mpaka ikapasuka, na mtu huona dawa ni kuilowesha mafuta. Baada ya wiki inakuwa nzito kama chapati ya jana. Ukimaliza, weka mpira kiganjani, ifunge kwa mkanda, ikalie wakati wa chakula cha mchana. Bhai Yusuf alinikuta nimekalia glovu nakula muhogo, akaondoka bila kuuliza.

Sasa nifike kwenye swali la Furaha.

Nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kuaminiwa, klabu zote za kusini zinaleta kwangu, ndipo Oom Desmond akaniagiza nitengeneze glovu mpya, kutoka ngozi nzima, si kukarabati. Ilikuwa ya kijana mmoja mashoto wa timu aliyoifundisha. Nikachagua ngozi nzuri, nikakata, nikashona majuma matatu kwa kuibia muda. Nikaitengeneza kwa ajili ya mkono wa kushoto, maana kijana ni wa kushoto, au siyo? Oom Desmond akaivaa, ikamkaa vizuri kabisa, akaanza kucheka mpaka akashika kreti.

"Bakari, hii ni ya watu wengine wote duniani," akasema. "Anayerusha kwa kulia ndiye anayevaa glovu kushoto. Glovu inafunika mkono unaopokea. Mkono wenye kazi unaachwa wazi. Glovu ya mashoto huvaliwa kulia."

Nikaona aibu, nikacheka naye. Akajifuta macho, kisha akasema jambo ambalo halikunichekesha. Alisema mrushaji wa mkono wa kushoto ni lulu, mpira wake unakuja kwa njia ambayo wapigaji hawajaizoea, na makocha huzunguka mji mzima kumtafuta mmoja. "Ukimpata mtoto wa hivyo," akasema, "usimguse. Usimrekebishe chochote."

Mimi nilikuwa naye mmoja nyumbani, na nilikuwa namrekebisha kila siku.

Binti yetu Rukia alizaliwa hapa hapa, na tangu alipoanza kushika kijiko alikishika kwa shoto. Kwetu mkono huo una kazi yake chooni na hauji mezani. Kula kwa kulia ni adabu na ni dini, hilo sibishani nalo hadi leo. Lakini mimi nilivuka mpaka. Niliukataza mkono ule penseli, kitana, kikombe, hata kumpungia mtu. Kando ya sinia niliweka mwiko mdogo, na ukitoka mkono wa kushoto niliugonga juu ya vifundo. Wakati wa kazi za shule niliufunga kwa kitambaa, nikaubana kiunoni kwake, ajifunze kuandika kwa kulia. Mama yangu alipiga simu kutoka Tanga kuuliza, "Bado ana shoto huyo?" nami nikaona haya kama baba aliyeshindwa kazi. Mwalimu wake aliniita akasema mtoto ana akili lakini anaandika kama anachonga jiwe. Nikarudi nikaongeza muda wa kitambaa. Mwanasha aliniambia mara moja tu, "Muache mtoto, Bakari," na nilipomjibu vibaya hakurudia.

Nikwambieni na hili. Watoto wetu waliozaliwa hapa tunawalaumu kwamba Kiswahili wanakisikia na hawakisemi, ukimwita anakujibu Kiingereza. Rukia alikuwa hivyo hivyo. Nami nikihesabu Kiswahili nilichomsemesha miaka ile, nakuta ni: acha, siyo huo, kulia, nimesema kulia. Ningekuwa yeye nami ningejibu Kiingereza.

Baada ya maneno ya Oom Desmond sikubadilika siku ile. Msidhani. Mwiko ulibaki mahali pake. Jumamosi moja nikamchukua Rukia kiwanjani, alikuwa na miaka tisa. Watoto wa timu walikuwa wanapasha mwili, mpira mmoja ukapotea njia ukaviringika mpaka miguuni kwake. Akauokota kwa kushoto, akaurusha. Ulikwenda umenyooka, chini chini, ukatua kwenye glovu ya mtu aliyekuwa mbali sana, na mlio ukasikika. Watu wakageuka. Rukia hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Kisha akauficha ule mkono mgongoni.

Oom Desmond aliona yote. Alikuja akasimama kando yangu, akaniuliza polepole: "Mtoto anaogopa nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nikainama nikakunja kiti.

Nikaenda kazini Jumatatu nikakata ngozi. Hii nilijua namshonea nani. Vidole vidogo, kiganja laini, kamba nyembamba nilizozichonga mwenyewe, ya kuvaliwa kulia. Sikumweleza Bhai Yusuf, naye alikuwa na adabu ya kutouliza. Nilijiambia nikiimaliza nitampa mtoto, na maneno yote niliyoshindwa kuyasema yatakuwa humo ndani. Sisi mafundi tuna ujinga huo. Tunadhani kitu kikishonwa vizuri kinaongea.

Nilimpa alasiri moja baada ya shule, jikoni, Mwanasha akiwa anachambua mchele. Rukia aliipokea kwa kulia, kama nilivyomfundisha. Akaitazama. Akajaribu kuivaa mkono wa kushoto, kidole gumba kikakosa mahali, akawa anasukuma, anasukuma, huku macho yanaanza kumjaa maji. Akaniuliza kwa Kiswahili, maana habari za mkono ule kwetu zilikuwa za Kiswahili:

"Baba, hii ndiyo ya kuufungia sasa?"

Alidhani nimemtengenezea kitambaa kipya, cha ngozi, ambacho hawezi kukifungua. Mwanasha akaacha mchele. Heri angenitukana.

Nikapiga magoti, nikamvua, nikamvalisha mkono wa kulia. Nikamwambia, "Huu ndio unaofunikwa. Ule mwingine uache wazi, una kazi." Akauliza kazi gani. Nikasema kurusha. Na kuandika, nikaongeza, na kuchora, na kuchana nywele. Akaendelea kunitazama, anangoja niseme nilikuwa natania. Jioni ile ile nikautoa mwiko mezani na kitambaa nikakifanya cha kupangusia vumbi. Kuomba radhi sikuomba. Niliona glovu imetosha.

Furaha, kwa hiyo jibu ni hili: usimuulize mteja glovu ni ya mkono gani, atakuchanganya na utamchanganya. Muulize anarusha kwa mkono upi, halafu mvalishe ule mwingine.

Rukia alirusha. Alianza na timu ya watoto, wavulana na wasichana pamoja, mtandio chini ya kofia, mwembamba kiasi kwamba wapigaji walitabasamu kabla mpira haujawapita. Shuleni mwandiko ukanyooka katika muhula mmoja. Oom Desmond alimfundisha mpaka magoti yake mwenyewe yakakataa kuchuchumaa, na siku tulipomzika mzee yule Rukia alibeba glovu yake kuukuu mbele ya jeneza, glovu niliyoikarabati mimi mara saba na kuiharibu mara moja. Alirusha hadi alipokuwa chuo Braamfontein, akahitimu, akapata kazi, akaolewa, sasa wanakaa Midrand.

Alikuwa na tabia moja. Mrushaji kabla hajarusha humtazama mdakaji, wakubaliane ni mpira gani. Rukia alitazama kwanza pale nilipokaa. Alinitafuta, mimi nikaitikia kwa kichwa, ndipo akamgeukia mdakaji. Kila mpira. Makocha walimkanya wakachoka. Mimi nilivimba kichwa kwa jambo hili kuliko lolote maishani. Nililisimulia msikitini, nililisimulia kwa wateja, na nyinyi wawili mmelisikia mpaka mmelikariri: mwanangu harushi mpaka apate baraka za baba yake.

Jumapili iliyofuata kustaafu kwangu Rukia alitualika chakula cha mchana. Alipika pilau, akaandika kadi kwa mkono wake, tukakaa wanne, yeye na mumewe, mimi na Mwanasha. Mumewe akaniuliza ni kitu gani nitakachokikumbuka zaidi. Nikamsimulia habari ya baraka, kwa mapambo yote, na ishara ya kichwa nikamwonyesha.

Rukia akaweka kijiko chini. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, hakuwa na hasira.

"Baba, unajua nilikuwa naangalia nini?"

"Ulikuwa unanitafuta mimi."

"Nilikuwa naangalia kama umekasirika. Mpira ulikuwa kwenye mkono wa kushoto. Nilitaka nione kwanza kama naruhusiwa."

Nikamuuliza kama ni siku za mwanzo tu, kabla hajazoea. Akasema hapana. Nikauliza, hata baada ya ile glovu? Hata baada ya glovu, akasema. Hata chuoni, alipokuwa mtu mzima. Kichwani alijua mkono ni wake. Lakini mkono wenyewe ulikuwa haujui, mpaka mimi niitikie.

Niliona nimepigwa. Miaka yote ile nimekaa kwenye kiti cha kukunja, nakunywa chai, nafurahia, na mtoto wangu amesimama pale katikati ya uwanja, watu wote wanamtazama, anangoja kujua kama baba yake atamgonga mwiko. Nami nikaenda kujisifu kwa watu. Niliangalia sahani yangu, sikuiona. Mwanasha alikuwa ameacha kula, kama alivyoacha mchele siku ile.

Nikasema, "Rukia, nisamehe." Nikainua macho. "Nisamehe kwa mwiko. Nisamehe kwa kitambaa. Na nisamehe kwa kukaa pale nisijue. Nilidhani glovu ilikwisha kukuambia."

Nililia mbele ya mkwe wangu, mzee mzima, na punje za pilau kwenye ndevu. Rukia akainuka, akazunguka meza, akavuta kiti kando yangu.

"Nimekusamehe, Baba," akasema kwa Kiswahili. Akapangusa uso wangu kwa ncha ya mtandio wake. "Haya kula, pilau inapoa. Kula kwa mkono wowote."

Nikala kwa wa kulia, maana wa kushoto alikuwa ameushika yeye.